Kodi ya kuwasha hadiwea kwenye butiloda: kila hatua iseme inakuta nini na inaacha nini

PiniTatu (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Huu uzi ni kwa wanaoandika fimwea (programu inayokaa ndani ya chipu), hasa ile kodi ya mwanzo kabisa ndani ya butiloda (programu ndogo inayoamka kwanza chipu ikipata umeme), inayowasha kloki, pini, RAM, UART (laini ya kutolea maandishi), mpaka pale programu kubwa inapokabidhiwa chipu. Nimesoma nyingi sana za watu tofauti na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Kuna fanksheni moja ndefu inaitwa hardware_init, mistari mia kadhaa, kila aliyepita kachomeka kitu chake pale alipoona panafanya kazi, na sasa hakuna anayethubutu kusogeza mstari hata mmoja mana hajui nani anamtegemea nani.

Nachosema mimi ni hivi, kila hatua ya kuwasha iseme wazi inaikuta chipu ikiwa katika hali gani na inaiacha katika hali gani, na iseme kwa kodi yenyewe, maana maelezo ya pembeni yanazeeka na hakuna anayerudi kuyasahihisha.

Chukua STM32F407, maikrokontrola ya kampuni ya ST. Ikitoka kwenye reseti inatembea na HSI, osileta ya ndani ya 16 MHz. Mtu anataka maandishi mapema, anawasha USART2 (UART mojawapo ya chipu hiyo) kwanza, anagawa 16,000,000 kwa 115,200 anapata 139 hivi, anaiandika kwenye BRR, rejista (kisanduku cha biti kinachoongoza kifaa) inayopanga kasi ya UART, maandishi yanatoka safi. Mistari arobaini chini yake mwenzake anawasha PLL (kizidisha kloki), chipu inapanda mpaka 168 MHz na basi ya APB1, ambayo ndo inailisha USART2, inakuwa 42 MHz. Ile 139 bado ipo palepale! Laini sasa inatema kwa kasi ya 302,000 na kitu badala ya 115,200, kwenye skrini unaona takataka tupu. Anayekuja kurekebisha anaita uart_init mara ya pili chini ya PLL, inakubali, kazi inaendelea. Baadae anakuja mwingine anaona uart_init imeitwa mara mbili, anafuta ya juu ili kusafisha, na ya juu ndo ilikuwa inatangaza PLL ikigoma kuwaka. Kila mmoja hapo amefanya jambo la maana kwa alichokiona, ila kodi haikumwambia kitu.

Dawa yake ni kloki iwe na mwenyewe mmoja. UART isijue 16 wala 42, iulize "APB1 iko ngapi sasa hivi" ipewe jibu, na yule anayebadili kloki ndo abebe jukumu la kuwafanya waliokwisha kuwashwa wapige hesabu upya. Alafu mfuatano mzima ukae sehemu moja, orodha ya fanksheni fupi fupi unayoisoma toka juu mpaka chini ukajua nini kinatangulia nini. U-Boot, butiloda huria inayojulikana sana, wamekuwa na kitu hiki kwa miaka mingi, orodha iliyoitwa init_sequence_f, kila fanksheni inarudisha namba, sifuri maana yake endelea, nyingine yoyote maana yake simama hapohapo. Ni kitu rahisi lakini kinabadilisha kabisa jinsi mgeni anavyoingia kwenye kodi.

Na kuna vitu vitatu ambavyo visichanganywe: mfuatano, namba za bodi, na adabu ya chipu yenyewe. Naposema adabu ya chipu namaanisha vitu kama wait state za flashi (mizunguko ya kusubiri flashi ijibu). Hiyo 407 kwenye volti 3.3 ikienda 168 MHz flashi inataka wait state 5, na lazima uziandike KABLA hujapandisha kloki. Ukishusha kloki unageuza, kloki kwanza wait state baadae. Hilo halihusiani na bodi yoyote, ni la chipu, sasa ukiliacha kila faili la bodi likopi lenyewe ujue kuna bodi mahali fulani imeandikwa kinyume na inafanya kazi kwa bahati tu.

Karibuni tujadili.

bodi_mpya

Mkuu asante kwa uzi. Swali, mimi natumia ile programu ya kiwanda unayochora pini kwa mausi alafu inakuzalishia kodi yote ya kuwasha. Sasa hayo ya mfuatano na mwenyewe wa kloki nayapata wapi, si wao wameshapanga?

PiniTatu

Kwa programu ya kawaida tumia tu haina shida, wameshakuwekea na ule usomaji wa pili baada ya kuwasha kloki ya kifaa. Kwa wasioujua: ukiwasha kloki ya kifaa kwenye RCC (sehemu ya chipu inayogawa kloki) haifiki palepale, inataka mizunguko miwili hivi, ukiandika rejista ya hicho kifaa haraka sana maandishi yako yanapotea kimyakimya bila kosa lolote. Ndo mana makro zao zinasoma tena rejista baada ya kuandika. Vitu kama hivyo ni vya kuchukua kama vilivyo.

Shida inakuja kwenye butiloda. Ile kodi imeandikwa ikiamini kwamba chipu imetoka reseti sasa hivi na kila kitu kiko kwenye thamani za mwanzo, haijui kwamba kuna mwenzake atakuja nyuma yake. Kwahiyo zalisha, ila usiiache iwe ndo muundo wako. Ipeleke kwenye tabaka la chipu, juu yake andika mfuatano wako mwenyewe.

Rejista40

Naafiki mengi ila napinga kimoja. Watu wakisikia "tenganisha namba na kodi" wanakimbilia majedwali, anwani na thamani, anwani na thamani, mia mbili za hivyo. Nimeshika kodi za i.MX6 (familia ya chipu za NXP) za namna hiyo. Kule bootrom (kodi ya kudumu ya kiwandani) ya chipu yenyewe inasoma jedwali linaitwa DCD kabla hata kodi yako haijaanza, inaandika rejista moja moja mpaka DDR (RAM kuu ya nje) inaamka. Inafanya kazi vizuri tu mpaka siku bodi inabadilishiwa chipu ya RAM. Hapo unakaa na jedwali la heksa tupu, hakuna anayejua 0x021B000C ina nini na kwanini. Na DCD haina uwezo wa kuuliza "hii ni bodi gani" alafu ichague njia, kwahiyo kila aina ya bodi inataka jedwali lake na baineri yake. Bodi nyingi kule ziliishia kuhamia SPL kwa sababu hiyo, kodi ndogo ya kawaida inayoingia kwenye RAM ya ndani ya chipu na kuwasha DDR yenyewe.

Jedwali la heksa linaitwa data lakini ukweli ni kodi iliyofichwa maana.

PiniTatu

Uko sahihi Rejista40 na nashukuru umeliweka hivyo. Naposema namba za bodi simaanishi thamani za rejista, namaanisha ukweli wa bodi. Kristali ni 8 MHz. RAM ni basi ya biti 16, CAS latency kadhaa. LED iko pini fulani na inawaka ikiwa chini. Hivyo ndo vikae kwenye data, na kodi ya chipu ndo ibadilishe ukweli kuwa biti.

Mfano wa palepale 407: bodi inasema kristali 8 MHz nataka 168. Kodi ya chipu inatoa M=8, N=336, P=2, Q=7 (vigawanyo na kizidisho vya PLL), yaani VCO (osileta ya ndani ya PLL) 336, mfumo 168, USB 48. Bodi nyingine ina kristali ya 25, anabadili namba MOJA, M inakuwa 25, mengine yanabaki. Ukimwachia kila mtu aandike RCC_PLLCFGR nzima kwa heksa utakuta mmoja kapata 168 sawasawa lakini Q kakosea, USB inakataa, na atatafuta kwenye draiva ya USB wiki nzima wakati kosa liko kwenye kloki.

Ile mti wa vifaa, faili za .dts, wazo lake ndo hilohilo. Inaeleza bodi ilivyo, haielezi hatua za kufanya.

kimya_kimya

Mti wa vifaa kwenye chipu yenye flashi ya 64 KB jamani?

PiniTatu

Hapana mkuu, hapo struct moja ya const kwenye C inatosha kabisa, faili moja kwa bodi moja. Kanuni ileile, chombo tofauti.

Dada_Saketi

Niongezee kwa upande wa bodi nyingi baineri moja, maana hapa ndo `#ifdef` (vipande vya kodi vinavyochaguliwa wakati wa kukompaili) zinapoua miradi. Ukiwa na bodi mbili `#ifdef` inaonekana ni suluhisho zuri, zikifika sita kuna michanganyiko ambayo hakuna mtu amewahi kuikompaili hata mara moja, na anayebadili kitu kwa ajili ya bodi yake anavunja ya mwenzake bila kujua.

Mfano mzuri wa kujifunza upo wazi kabisa, familia ya BeagleBone (kompyuta ndogo za bodi moja). Ile nyeupe ya kwanza ina DDR2 ya MB 256, Black ina DDR3 ya MB 512, RAM mbili tofauti kabisa na ukizikosea hakuna kitakachoamka. Na bado U-Boot ni mmoja. Wanafanyaje? Kwenye bodi kuna EEPROM ndogo kwenye basi ya I2C anwani 0x50, mwanzoni mwake kuna alama 0xEE3355AA, inafuata jina la bodi, Black inajiita A335BNLT. SPL inaamka ikiwa ndani ya RAM ya chipu, inawasha I2C, inasoma jina, NDO inachagua vipimo vya DDR.

Angalia mfuatano wenyewe hapo. I2C imetangulia RAM kuu! Ukimwambia mtu awashe I2C kabla ya RAM atashangaa, atasema I2C ni ya vifaa vidogo isubiri mwisho. Lakini utegemezi ndo unasema nani atangulie, ukubwa wa kifaa hauingii hapo. Na kama draiva yako ya I2C inataka malloc au inataka variabo za globali zenye thamani sifuri umekwama, kwa sababu hatua hiyo BSS inaweza kuwa bado haijasafishwa au haipo kabisa. Ndo maana U-Boot kwenye board_init_f inakataza kugusa BSS, vyote vinabebwa ndani ya gd (struct ndogo ya data za U-Boot). Mleta uzi hilo liingie kwenye "inakuta nini" yako: kuna staki? kuna BSS? kuna hipu? kuna muda?

PiniTatu

Dada_Saketi umenena. Hilo la "kuna muda?" naomba nilikazie maana watu wengi hawaliangalii.

Kila kodi ya kuwasha ina mahali inasubiri. Washa HSE (osileta inayotumia kristali ya nje), subiri HSERDY (bendera ya kusema iko tayari). Ukiandika lupu tupu isiyo na kikomo, siku kristali imepasuka au imeunganishwa vibaya kiwandani bodi inakufa kimya, haina LED haina UART, na fundi hana pa kuanzia. Kwahiyo weka kikomo. Sasa kikomo unapima na nini? Ile HAL ya kiwanda (maktaba yao ya draiva) inapima kwa SysTick (taima ya ndani ya Cortex-M), kikomo cha HSE kwa kawaida ni milisekunde 100, na SysTick inaongeza namba yake ndani ya intarapti. Butiloda nyingi zinazima intarapti mwanzoni, na ni jambo zuri kuzizima. Matokeo yake namba haipandi, kikomo hakifiki KAMWE, una lupu isiyo na mwisho inayoonekana kwa macho kuwa ina kikomo. Hii ni mbaya kuliko ile tupu kwa sababu anayeikagua kodi anaiona iko salama.

Kwenye Cortex-M4 tumia CYCCNT ya DWT, inahesabu mizunguko yenyewe bila intarapti, au hata hesabu ya lupu ya kawaida. Kipimo kisitegemee kitu ambacho bado hakijawashwa, basi.

Na kikomo kikifika fanya kitu chenye maana. HSE ikigoma rudi HSI, andika mahali kwamba tumerudi, endelea. UART itatoka vizuri tu. USB usiiwashe, HSI ina kosa la asilimia 1 hivi na USB ya kasi ya 12 Mbit/s inataka asilimia 0.25. Hapo tena unaona faida ya kloki kuwa na mwenyewe, draiva ya USB inauliza "una 48 MHz ya uhakika?" inajibiwa hapana, inajiweka pembeni.

kimya_kimya

Pini. Hakuna aliyegusia pini.

Kwenye chipu za aina hii pini nyingi zikitoka reseti ni ingizo linaloelea. Ukiiweka pini kuwa towe kwanza (MODER) alafu ndo uandike thamani (ODR) kuna muda mfupi imetoka na sifuri ya mwanzo. Kama upande wa pili kuna relei inayowaka ikiwa chini imeshagonga. Andika ODR kwanza MODER baadae. Na hili ni la tabaka la chipu, fanksheni moja inayopokea pini na thamani ya kuanzia PAMOJA, ili asiwepo anayeweza kuzitenganisha.

bodi_mpya

Hii ya kimya_kimya sikuwahi kuifikiria kabisa. Sasa mkuu ulisema kodi ya kiwanda haijui kuna mwenzake atakuja nyuma. Hapo kwenye kukabidhi kunatakiwa nini hasa?

PiniTatu

Hapo ndo napoona bagi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Butiloda imepandisha PLL mpaka 168, imemaliza kukagua saini ya programu, inaruka. Programu kubwa nayo ina kodi yake ya kuwasha, inajaribu kuipanga PLL. Kwenye STM32 hairuhusiwi kubadili PLL ikiwa ndo inaendesha mfumo, kwahiyo HAL inaweza kurudisha kosa na programu inaingia kwenye Error_Handler na kukaa humo milele. Ukiitestisha programu peke yake kwa dibaga inafanya kazi safi, kupitia butiloda haiwaki, timu mbili zinaanza kulaumiana.

Njia ni mbili, chagua moja uiandike. Ya kwanza butiloda irudishe kila kitu kama reseti: kloki irudi HSI, vifaa vizimwe, SysTick isimame, intarapti zote zilizokuwa zinasubiri zifutwe, alafu weka VTOR (anwani ya jedwali la intarapti) na MSP (staki) za programu, ruka. Ya pili mkubaliane kabisa kwamba programu itaikuta kloki iko 168 na haitaigusa. Mimi naipenda ya kwanza kwa sababu programu inabaki kuweza kutembea bila butiloda, inasaidia sana kwenye testi. Kuna namna nzuri zaidi hata ya hiyo, andika ombi kwenye rejista ya akiba (F4 inazo 20 za biti 32), fanya reseti ya programu, na butiloda ikiamka kitu cha kwanza kabisa kabla haijagusa kloki inaangalia lile ombi na kuruka. Chipu inakuwa safi kwelikweli, hujaisafisha wewe kwa mkono.

Kuna kitu kimoja hakirudi nyuma na lazima kiwe kwenye makubaliano: wochidogi (taima inayoreseti chipu isipolishwa). IWDG, wochidogi ya STM32, ukishaiwasha huwezi kuizima mpaka reseti. Butiloda ikiiwasha, programu LAZIMA iilishe hata kama mwandishi wake hajui ipo. Kwenye F4 kikomo kirefu kabisa ni sekunde 32 hivi, programu isiyojua itakuwa inajireseti kila nusu dakika na mtu atasema umeme una shida.

Rejista40

Na sababu ya reseti isomwe na butiloda mapema. Zile bendera kwenye RCC_CSR zinajilimbikiza mpaka mtu azifute kwa biti ya RMVF, butiloda ikizifuta bila kumpelekea programu, programu haitajua kamwe kama imefufuka kwa wochidogi au mtu kachomoa waya. Soma, hifadhi, pitisha.

Dada_Saketi

Kuhusu testi, watu wanasema kodi ya kuwasha haitestiki bila bodi. Inatestika. Rejista zote zipite kwenye fanksheni mbili, soma na andika. Kwenye kompyuta yako unaziweka bandia zinazorekodi kila kitu, unauliza: je wait state ziliandikwa kabla ya kubadili kloki? HSERDY isipowaka kabisa, je tulirudi HSI? Hili la pili kwenye bodi halisi itabidi ung'oe kristali. U-Boot wana sandbox, butiloda nzima inakompailiwa kama programu ya kawaida ya Linux na testi zinakimbia humo bila bodi yoyote. Usianzie huko kwenye ukubwa huo, ila ujue inawezekana.

bodi_mpya

Nimeelewa vizuri sana. Sasa mimi nina ile hardware_init ndefu ya zamani, mistari 900, inafanya kazi na iko kwenye bidhaa. Naanzia wapi bila kuvunja?

PiniTatu

Usianze kwa kukata. Simamisha chipu kwa dibaga mwishoni kabisa mwa hiyo fanksheni, alafu dampu rejista zote za RCC, FLASH, GPIO zote, na vifaa unavyotumia, weka kwenye faili. Hiyo ndo "inaacha nini" ya kodi ya zamani, hata kama hakuna aliyeiandika. Baada ya hapo kata kipande kimoja, kwa mfano kloki tu, kitoe kiwe fanksheni yake inayorudisha matokeo, kompaili, dampu tena, linganisha. Biti ikitofautiana simama uelewe kwanini kabla hujaenda mbele. Mara nyingi utakuta kuna rejista inaandikwa mara mbili na thamani tofauti na ya pili ndo inashinda, hizo zirekodi moja moja maana nyingine zimewekwa makusudi.

Dampu inakuonyesha mwisho tu haikuonyeshi njia, kwahiyo mfuatano wa pini na wait state uukague kwa macho au kwa zile rejista bandia za Dada_Saketi. Na kwenye dampu uziruke rejista ambazo kuzisoma kunabadilisha hali, DR ya USART ni mojawapo, ukiisoma unafuta RXNE (bendera ya data iliyopokelewa). Angalia na dirisha la rejista la dibaga yako pia, likiwa wazi linazisoma lenyewe kila ukisimamisha chipu, lifunge kabla hujaanza.